Siku moja Mombasa kwa miguu: Mji wa Kale, chakula na baa, tupange vipi?

Mgeni_Nakuru: Salaam wakuu. Jumamosi ijayo tuko Mombasa watu wanne, siku moja tu. Tunataka kutembea, kula chakula cha Kiswahili chenyewe, na jioni kukaa baa inayotazama bahari tuone machweo. Tutalala karibu na soko la Marikiti. Tuanzie wapi? Mwenzetu anapendekeza tukae Mji wa Kale hadi usiku, vinywaji tupate huko huko.

Kibokoni: Karibuni sana. Siku yenu itaamuliwa na jua na jiko, kwa hivyo rauka. Saa moja asubuhi muwe mshaketi kwa mahamri na mbaazi za nazi. Ikipita saa tatu, mbaazi zimebaki rojo na mahamri yamepoa yakakauka. Kisha Ngome ya Yesu (Fort Jesus), saa mbili inapofunguliwa. Wareno walianza kuijenga 1593 kwa mawe ya matumbawe, na ua wake hauna kivuli cha maana. Kufikia saa tano kuta zinawarudishia joto lote. Muda wa saa moja na nusu watosha.

Mkitoka, shikeni njia ya Mbarak Hinawy. Wageni wengi hupita barabara ya Ndia Kuu kwenda na kurudi, wakaona maduka ya vinyago basi. Mbarak Hinawy inawapitisha Msikiti wa Mandhry, unaotajwa kuwa wa 1570, hadi Government Square na bandari ya majahazi. Ndipo mrudi kwa Ndia Kuu mkitazama juu: roshani za mbao ziko ghorofani, na milango ya nakshi iko pembeni. Mabega na magoti yafunikwe. Milango pigeni picha, watu waombeni kwanza.

Saa saba biriani. Rojo la huku hupakuliwa mbali na wali, msilikoroge lote kwa pamoja. Chota kidogo kidogo. Sahani tatu zinawatosha watu wanne.

Kivuko: Kibokoni kasema kweli, ila baada ya biriani hiyo msitembee. Pumzikeni hadi saa tisa u nusu.

Pombe Mji wa Kale msitafute, na chupa msitembee nayo mkononi. Ni mtaa wa Waislamu, misikiti kila kona, na wenyeji wanaumia kweli wakiona hivyo. Kwa sheria ya vileo ya 2010, baa za kawaida hufungua saa kumi na moja jioni siku za kazi na saa nane mchana wikendi, zikafunga saa tano usiku. Jumamosi basi mna nafasi.

Machweo: bahari yetu iko mashariki. Jua linazama nyuma yenu, upande wa bara, kama saa kumi na mbili u nusu. Mkikaa baa ya ufukweni mkilingoja lizame majini mtangoja bure. Kizuri cha jioni ni upepo na meli zinazoingia bandari ya Kilindini, na hizo mnaziona vyema kutoka barabara ya Mama Ngina ufukweni, kama kilomita mbili kutoka Ngome. Fikeni saa kumi, mle hapo kabla ya baa. Viazi karai, yaani viazi vilivyovikwa unga na kukaangwa, viagizeni vinavyotoka kwenye mafuta sasa hivi. Vilivyokaa siniani ganda lake limenyonya mafuta likalegea. Muhogo wa kuchoma upasuliwe mbele yenu, utiwe ndimu, chumvi na pilipili. Ukionja mchungu, tema, urudishe. Kamera ifungeni karibu na Ikulu na kwenye feri.

Mgeni_Nakuru: Ahsanteni mno. Na mnazi je, ile pombe inayogemwa mnazini? Tunausikia tu.

Mgema_Kisauni: Mnazi tafuteni upande wa bara, Kisauni au Mtwapa, kisiwani si kwake. Muulizeni muuzaji umegemwa lini. Wa asubuhi hiyo ni mtamu na mwepesi, lakini unachacha wenyewe ndani ya kibuyu, kwa hivyo wa jioni una nguvu kuliko ulimi unavyowaambia. Wa jana unaelekea siki, huo uacheni. Ukinusa harufu ya spiriti au ukakuchoma koo, kumetiwa kitu, mwaga. Anzeni na glasi moja kila mtu, mngoje nusu saa. Kurudi kisiwani chukueni teksi, na nauli mpatane kabla ya kupanda, ya watu wote wanne pamoja.