Boma la Khayega: Mapumziko ya Desemba

Jumamosi, 29 Novemba 2025

07:12 – Beatrice, Nakuru: Hamjambo nyote wa boma la Khayega. Naandika mapema kabla hamjaanza kusema kwamba mlikuwa kazini. Zimebaki siku 26 tufike Krismasi, na mwaka huu naomba tukubaliane kwa maandishi kwamba tunakwenda nyumbani kupumzika: hakuna harambee, hakuna kikao cha kamati, wala hakuna mtu atakayekuja na kitabu cha hesabu kwapani. Tufike kwa Mama, yaani Kukhu (bibi) wa watoto wetu, tarehe 23, tuondoke tarehe 2 Januari, na katikati hapo kila mtu alale mpaka jua limpige usoni. Kila nyumba itatoa shilingi 4,000 za chakula na za kumlipa mpishi wa kukodi. Naomba majibu kabla ya saa sita mchana.

13:40 – Beatrice: Saa sita imepita. Naona watu kumi na mmoja wamesoma, kwa hivyo msiniambie kwamba mtandao ulipotea.

13:52 – Wycliffe, Eldoret: Dada, mimi nilisoma. Nilikuwa nikipumzika kama ulivyoagiza.

13:53 – Beatrice: Sikuomba kichekesho, Wycliffe. Niliomba 4,000.

14:31 – Baba Mdogo Mwalimu: Nawasalimu wote. Kabla ya fedha, nawakumbusha kanuni ya kikundi hiki kwamba anayeandika "xaxa" badala ya "sasa" anatozwa shilingi 20, na faini za mwaka huu zimefika 340, nyingi zikiwa za Nancy. Kuhusu mapumziko, naunga mkono. Ila Beatrice, mkitoka Nakuru msiondoke jioni kwa kuwa mnataka kufunga duka kwanza. Malori ya Salgaa mnayajua, na ukungu wa Mau Summit hauna huruma kwa mtu aliyechoka. Ondokeni alfajiri, mpite Kericho, mnywe chai Kisumu, na adhuhuri mtakuwa mmefika nyumbani.

16:30 – Nancy, Nairobi: Shikamoo Baba Mdogo. Faini nitalipa kwa kuku. Mimi wiki ya Krismasi sipandi matatu tena, kwa sababu mwaka jana nauli iliongezwa maradufu nikiwa bado kwenye foleni, kisha nikaketi juu ya gunia la viazi la mtu hadi Kericho huku mwenye gunia akiniuliza kila mara kama ninaviponda. Nafikiria treni ya Ijumaa jioni inayofika Kisumu asubuhi. Tangu ilipoanza tena mwaka wa 2021 sijawahi kuipanda. Inachukua takriban saa 12, lakini angalau mtu ananyoosha miguu. Mama Sifa, je, unaweza kunipokea stesheni?

16:44 – Baba Mdogo Mwalimu: Reli ilifika Kisumu mwaka wa 1901, wakati huo mji ukiitwa Port Florence. Nancy, umechelewa miaka 124.

16:45 – Wycliffe: Huyo ndiye Nancy wetu. Hata kwenye ubatizo wake mwenyewe alichelewa.

16:59 – Beatrice: Tafadhali turudi kwenye jambo lenyewe. Nimepokea ahadi ya Baba Mdogo peke yake. Zaidi ya hayo, nataka kila mtu aandike tumaini moja la mwaka mpya, nasi tuyasome usiku wa tarehe 31 tukiwa uani, badala ya yale maombi marefu ambayo watoto husinzia katikati yake.

Jumapili, 30 Novemba 2025

05:26 – Ayub, Minneapolis: Habari za asubuhi kwenu, huku bado ni Jumamosi usiku, kwa kuwa tuko nyuma yenu kwa saa tisa. Nimesoma yote nikiwa ndani ya gari, injini ikinguruma ili kioo kiyeyuke. Theluji imeanguka tangu asubuhi, na nimetumia dakika arobaini kulifukua gari kwa koleo, kisha nikagundua kwamba gari nililolifukua ni la jirani. Msicheke. Yote yakifunikwa yanafanana. Msimu huu jua huzama kabla ya saa kumi na moja jioni, kwa hivyo mimi naingia kazini gizani na kutoka gizani, na wazee ninaowatunza hunielewa zaidi kuliko watu wa rika langu, kwa sababu nao hukaa dirishani wakingoja mchana urudi. Nina likizo ya wiki mbili kuanzia tarehe 20. Tiketi ya Desemba inakula mshahara wa mwezi mzima na kitu juu yake, na kuna mtihani wa uuguzi ambao nataka kuulipia Januari, basi bado napiga hesabu. Lakini nikija, Dada, usinipeleke hotelini wala mbugani. Nataka kukaa chini ya ule mwembe miguu mitupu, niletewe chai ya maziwa, na mtu yeyote asiniulize nitarudi lini.

06:10 – Wycliffe: Ayub, tuletee theluji kidogo kwenye chupa ya chai tupozee soda. Friji ya nyumbani ni ile ile.

06:12 – Nancy: Na jirani yako alikulipa?

06:13 – Wycliffe: Huenda alidhani ni huduma ya kaunti.

06:40 – Beatrice: Mtu ameuliza kama anaweza kumudu tiketi, nanyi mnaongea habari za soda. Ayub, tunaweza kukuchangia.

06:41 – Ayub: Hapana, Dada. Msianze.

09:15 – Mama Sifa, Kisumu: Shikamooni wakubwa. Nilikuwa sokoni kupokea samaki, ndiyo maana nimekawia. Nancy, treni nitaiangalia. Nina neno kuhusu hiki kinachoitwa mapumziko, na naomba mnisikilize kwa kuwa mimi ni mke wa boma hili na si mgeni. Desemba ya mwaka wa 2022 tuliambiwa vivyo hivyo kwamba tunakwenda kupumzika. Asubuhi ya tarehe 26 nilihesabu sahani 64 juu ya ile meza ya mbao, mafuta yakiwa yameganda juu yake, na waliokuwepo kuziosha ni mimi na Linet ambaye wakati huo alikuwa na miaka 12. Wengine wote mlikuwa Malinya kuwatazama mafahali wakipigana, mkarudi saa kumi na mbili mkipiga ngoma ya isukuti kwenye madebe na kuuliza kama kuna chai. Maji tulikuwa tukiyabeba kutoka kisimani, ndoo kwa ndoo. Sitasema ni kwa nini tulikuwa tukiyabeba. Wanaojua wanajua.

09:48 – Wycliffe: Shemeji, jambo la tangi la maji tulilimaliza siku ya mazishi.

09:50 – Mama Sifa: Ulilimaliza wewe.

09:51 – Wycliffe: Risiti zilionyeshwa mbele ya Baba Mdogo.

10:20 – Baba Mdogo Mwalimu: Ilionyeshwa risiti moja, Wycliffe, nayo ilikuwa ya saruji.

10:21 – Nancy: Saruji ya tangi lipi?

10:24 – Wycliffe: Ya kuweka msingi. Tangi haliwekwi juu ya nyasi kama beseni. Na ikiwa tunafukua ya kale, hebu tuulize nani alikula firigisi ya kuku wa mwaka wa 2021 hali Baba Mdogo ameketi mezani.

10:25 – Nancy: Ulikuwa wewe.

10:25 – Ayub: Ulikuwa wewe, Wycliffe. Niliona picha.

10:27 – Baba Mdogo Mwalimu: Nilisamehe, lakini sikusahau. Kuku yule alikuwa jogoo wa miaka mitatu, na firigisi yake ilikuwa na ukubwa wa ngumi ya mtoto.

10:31 – Beatrice: Mama Sifa ana haki, na ndiyo maana nilipendekeza mpishi wa kukodi. Nimempata mama mmoja wa pale Khayega ambaye hupika kwenye harusi, naye anakubali siku tano. Naomba tusiiharibu likizo kabla haijaanza. Walioahidi mpaka sasa ni Baba Mdogo na mimi. Wycliffe, Nancy, nyumba za Kisumu na wale wengine sita ambao husoma tu na hawaandiki, nawangoja.

19:02 – Linet, kwa niaba ya Kukhu: Shikamooni nyote. Kukhu ameniagiza niandike maneno yake kama alivyoyasema, nisipunguze.

"Nimesomewa yote. Mpishi wa kukodi asije. Jiko langu lina wenyewe. Beatrice, mwanangu, unaniletea ratiba kama ya shule. Mwaka jana nilichinja kuku watatu tarehe 25, na kufikia saa kumi jioni mlikuwa mmeondoka wote. Gari la mmoja wenu halikuzimwa hata injini. Nilimpa mtoto wake maziwa kupitia dirishani, yakamwagika kwenye mkono wangu. Baba yenu alipokuwa hai mlikuwa mkikaa hapa mpaka sare za shule zinapigwa pasi. Sasa mnasema mnakuja kupumzika, na mimi najiuliza mtapumzika saa ngapi. Nataka siku nne ambazo hakuna atakayesema kwamba kesho anarudi. Maji watateka wanaume, na sufuria wataosha wanaume, Wycliffe akiwa wa kwanza. Mafahali wa Malinya watapigana hata msipokuwepo. Na hilo tangi nataka kuliona kwa macho yangu kabla sijamfuata baba yenu. Ayub akikosa tiketi asikope. Aje hata mwezi wa nne, mwembe hauendi popote."

Ni hayo tu. Sasa amekwenda kufungia kuku.

21:47 – Baba Mdogo Mwalimu: Shemeji yangu amesema. Mimi nitateka maji.

22:03 – Beatrice: Nimesikia, Mama.

Jumatatu, 1 Desemba 2025

04:50 – Ayub: Linet, mwambie Kukhu nimeyasoma maneno yake mara tatu. Tiketi sijainunua. Sijaiacha pia.

07:05 – Beatrice: Habari za asubuhi. Kwa kuzingatia neno la Mama, nimemwomba radhi yule mpishi. Mchango nimeupunguza uwe shilingi 3,000, na siku za lazima ni nne, kuanzia tarehe 24 hadi 27. Anayetaka kubaki hadi Januari abaki kwa hiari yake. Zamu za jikoni nitaziandika. Lililobaki ni yale matumaini ya mwaka mpya, ambayo hakuna hata mmoja aliyeyaandika.

08:30 – Linet: Senge, shangazi yangu, mimi naweza kuanza. Tumaini langu ni kuingia Gredi ya 10 mwezi wa Januari katika shule yenye maabara. Sisi ndio wa kwanza kabisa kuingia Gredi hiyo, kwa hivyo hakuna mwanafunzi wa mbele wa kumwuliza jinsi kulivyo, na hata walimu hutujibu kwamba tungoje tuone. Matokeo bado hayajatoka. Nalala vibaya.

08:41 – Baba Mdogo Mwalimu: Linet, umeandika sentensi tano bila kosa. Nakupa shilingi 100 kutoka katika faini za Nancy.

08:55 – Nancy: Tumaini langu ni kufuta programu zote za mikopo kwenye simu yangu. Zilikuwa nne. Sasa ni mbili. Msiniulize zaidi.

11:20 – Mama Sifa: Mimi nataka friza. Omena wanaweza kungoja jua, lakini mbuta na ngege hawangoji, na siku umeme ukipotea nauza kwa bei ya hasara kabla ya saa tisa. Nimeweka akiba tangu Juni, na fedha hiyo haiguswi, si kwa mbuzi wala kwa hema. Nasema mapema ili asije mtu kuniita bahili. Zile 3,000 nitaleta kwa njia ya samaki.

11:34 – Beatrice: Samaki tunawakubali. Wa siku ngapi?

11:36 – Mama Sifa: Wa siku moja. Nami siku hiyo sipiki.

12:10 – Baba Mdogo Mwalimu: Langu ni jicho la kushoto. Daktari ameniambia ni mtoto wa jicho na kwamba upasuaji wake si mrefu. Ningependa kusoma gazeti bila kuliweka juani.

12:15 – Beatrice: Baba Mdogo, mbona hukutuambia?

12:40 – Baba Mdogo Mwalimu: Mlikuwa mnaongea habari za firigisi.

Jumanne, 2 Desemba 2025

18:08 – Wycliffe: Dada, nimekutumia 6,000 kwenye simu yako. Elfu tatu ni za chakula, na elfu tatu ni za tangi.

18:15 – Mama Sifa: Elfu tatu ni upande gani wa tangi? Kifuniko?

18:16 – Wycliffe: Ni mwanzo, shemeji.

18:30 – Beatrice: Zimefika, asante. Orodha ya waliolipa ina watu watatu kati ya nyumba tisa. Zamu ni hizi: tarehe 24 ni Mama Sifa kuleta samaki, Nancy na mimi kupika, tarehe 25 tutakuwa sote, tarehe 26 ni Wycliffe na wanawe kuanzia chai ya asubuhi hadi sufuria ya mwisho, tarehe 27 bado haina mtu. Wycliffe, thibitisha ile ya 26.

18:31 – Wycliffe: Tarehe 26 ndiyo siku ya mafahali.

18:32 – Beatrice: Najua ni siku gani.

20:05 – Beatrice: Wycliffe?

20:40 – Beatrice: Basi tuyaache hayo hadi kesho. Nani ana ile sufuria kubwa ya vishikio viwili? Bila hiyo, pilau ya watu 30 haiwezekani.

20:52 – Linet: Senge, Kukhu anasema iliondoka na lile gari ambalo halikuzimwa injini.

22:19 – Nancy: Samahani kwa kuingilia. Mama Sifa, treni ulisema utaiangalia. Je, stesheni utakuja, au nipande bodaboda?