CA (Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya) kuzima stesheni za TV: ni kazi yao ama ni ubabe tu?

Msee_wa_Section58
Wasee niaje. Kuna kitu imenikaa kwa roho tangu 25 Juni 2025. Siku ya maandamano CA iliandikia stesheni barua ati waache kuonyesha laivu, na kabla siku iishe NTV, KTN na K24 zikapotea hewani, alafu korti ikasimamisha hiyo amri. Kila mtu analia dikteta dikteta. Mimi nauliza swali moja tu na naomba tusiingize siasa: masafa ni mali ya umma, si ya mwenye stesheni, na leseni huja na masharti. Kama hakuna mtu wa kushika kiboko si kila mtu atarusha anachotaka? Tujadiliane kama watu wazima. Na nyinyi wa Kisumu mjibu polepole, najua mko tayari na mawe.

Omera_Kondele
Ulikuwa umeanza vizuri ukaharibu na sentensi ya mwisho. Mawe gani? Unaandika ukiwa Nakuru, city ya 2021, alafu unatupea adabu sisi wa Kisumu tuko city tangu 2001. Ngoja kwanza mzoee lami.

Msee_wa_Section58
Hahaha si nilisema. Nimeuliza kuhusu leseni mtu ananiletea charter ya jiji.

NyarKano
Wacheni hizo. Nijibu swali. Mimi ni wa Ahero lakini Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, nilikuwa kwa cousin yangu Manyatta, Kisumu. Ile siku polisi alipiga vijana risasi hapo Kondele, hawana silaha, na mmoja akapigwa teke akiwa chini, nani aliona? Kamera ya KTN. Bila hiyo kamera ingekuwa "majambazi wawili wameuawa" na story inaisha. Na hata na vidio bado serikali ilikataa mwanzoni, askari akashtakiwa na 2010 akaachiliwa. Sasa fikiria siku hiyo hakuna kamera kwa sababu kuna barua kutoka ofisi fulani Nairobi. Ndio shida yangu na kiboko, anayekishika ni yule yule anayefaa kuonwa.

KaptembwaFinest
Hiyo haikuwa laivu, ilikuwa rekodi ya habari. CA imekataza laivu, haijakataza habari. Tuwe makini na maneno.

NyarKano
Kaka umesoma aya yote ukachukua neno moja.

KaptembwaFinest
Si kuchukua neno moja dada yangu. Wewe ulikuwa Manyatta, mimi nilikuwa hapa Nakuru Januari hiyo hiyo. Hapa watu walichinjana kati ya jirani na jirani, Kaptembwa, Free Area, kila pahali, na Naivasha ikafuata. Unadhani kila picha ikirushwa palepale ingetuliza mtu? Mtu wa Nairobi akiona anachukua simu anapigia ndugu yake wa huku "wameanza na sisi". Nilikuwa nachukia Michuki, waziri wa usalama wa ndani, kwa zile order zake za 30 Desemba 2007 za kukataza laivu lakini sitadanganya, wiki ile kuna picha sikutaka mama yangu aone zikiwa bado moto.

Omera_Kondele
Michuki! Huyo huyo wa 2006 Standard ilipovamiwa usiku na watu wamefunika nyuso, KTN ikazimwa, magazeti yakachomwa, alafu akasema ukichezea nyoka utaumwa. Huyo ndio unamtolea mfano? Sasa nimeamini mtu wa Nakuru ukimpea serikali anaiosha miguu.

KaptembwaFinest
Kaa hivyo hivyo, unajua hata sijasema mimi ni wa kabila gani na tayari umenipangia serikali. Ndio maana nasema laivu ni hatari. Wewe mwenyewe ni laivu.

BungomaMpaka
😂😂😂 "wewe mwenyewe ni laivu" nimekufa

SheriaNdogoNdogo
Hii mjadala mnaendesha kwa hisia. Someni Katiba ya 2010, kipengele cha 34. Kinasema serikali isidhibiti wala kuingilia mtu yeyote anayetangaza, na kipengele kidogo cha 5 kinataka Bunge liunde chombo kisichokuwa chini ya serikali, siasa wala biashara, ndicho kiweke viwango vya vyombo vya habari. Swali la kweli ni kama CA ni hicho chombo. Kazi ya CA ni masafa na leseni, na ya Baraza la Habari ni mwenendo wa waandishi. CA wakisema wametumia sheria ya mawasiliano kusimamisha laivu, wanaingia kwa jikoni ya mwingine.

Msee_wa_Section58
Wakili asante, sasa hiyo ndio hoja. Lakini stesheni yenyewe ikivunja sheria nani ataizima, Baraza la Habari wana ufunguo wa mnara?

Omera_Kondele
Wakili umeandika kama mtu ambaye hajawahi kuangalia TV.

SheriaNdogoNdogo
Na wewe umeandika kama mtu ambaye hajawahi kuangalia Katiba.

Mzee_Lurambi
Watoto wangu, shikamoni kwa jinsi mnavyobishana, hata sisi tulibishana hivi hivi kwa redio ya betri. Niwaambie kidogo. TV hapa ilianza 1962, na 1964 serikali ikachukua kila kitu ikaitwa Sauti ya Kenya, VoK. Ilikuwa chaneli moja tu na nyimbo za kusifu mwenye nchi. 1989 ikabadilishwa jina ikawa KBC. Sasa mwaka 1990 ikaja KTN na watu wakasema Kenya imefunguka, sasa tuna TV ya biashara! Lakini ulizeni hiyo leseni ilitoka wapi. Ilikuwa ya Kenya Times Media Trust, ambayo ni KANU, wakishirikiana na tajiri wa Uingereza anaitwa Robert Maxwell. Hapakuwa na tume wala bodi wala mwananchi wa kuulizwa. Chama kinachotawala kilijipa leseni. Na huku Kakamega hata hatukuiona, mwanzo ilikuwa ya Nairobi tu, sisi tulisoma habari zake kwa gazeti. CCK, ambayo baadaye ikawa CA, ilikuja Februari 1999 wakati KPTC, shirika la posta na simu, iligawanywa ikawa Posta, Telkom na hao wasimamizi. Kwa hiyo mkisema "mamlaka imeanza kudhulumu" jueni kabla ya mamlaka leseni ilikuwa ni nani unamjua. Mimi siwatetei, nasema tu msidhani kulikuwa na bustani ya Edeni.

NyarKano
Mzee asante sana. Hii ndio nilitaka kusikia, kwamba walituwekea mlinzi alafu mlinzi akabaki anapiga simu kwa mwenye nyumba kabla afungue geti.

KaptembwaFinest
Mzee heshima. Lakini hata sheria ya utangazaji kamili ilikuja mwisho, Kibaki alisaini ile amendment ya sheria ya mawasiliano Januari 2009 na waandishi wakaandamana. Kwa hiyo 1999 hadi 2009 CCK walikuwa wanasimamia na nini?

Mzee_Lurambi
Na bahati, kijana wangu.

Kibuye_Sunday
Naona mnazungumza mambo makubwa, mimi nataka kuuliza kitu kidogo. Mnakumbuka 2015? Feb 14, siku ya wapendanao, CA na polisi wakaenda Limuru wakazima mitambo na Citizen, NTV, KTN zikaenda. Karibu wiki tatu bila hizo stesheni. Mamlaka ilisema ni uhamiaji wa dijitali, media houses wakasema ni kunyimwa leseni ya kusambaza mawimbi yao wenyewe, kwa sababu kazi ilipewa Signet ya KBC na kampuni ya Wachina PANG. Sasa hapo nani alikuwa na haki? Mimi sijui ila mama yangu aliomboleza kama kuna matanga.

Msee_wa_Section58
Hapo media house walikosea wazi. Mahakama ya Juu ilikata Septemba 2014 kwamba uhamiaji uendelee, na CA wawapatie fursa ya leseni. Walipewa. Wakajiita ADN. Alafu wakataka waendelee na analogi kwa muda zaidi ati dikoda zao hazijafika. Deadline ya dunia ilikuwa Juni 2015, tuwangoje mpaka lini?

Omera_Kondele
Deadline ya Juni unazima Februari? Haraka ya nani hiyo?

Msee_wa_Section58
Haraka ya kufika kabla ya deadline, bro. Ndio maana ya deadline.

SheriaNdogoNdogo
Na kuna ile ya haki miliki. Media houses walilalamika vipindi vyao vinabebwa na dikoda za wengine bila ruhusa. Mahakama ya Juu ilishughulikia pia hiyo. Mnasahau.

Nyambura_Lanet
Mimi niulize, mama wa Kibuye aliomboleza nini hasa, habari ama drama za Mexico? Tuseme ukweli, wengi walilia kwa sababu ya ile ya saa moja jioni si kwa sababu ya demokrasia 😂

Kibuye_Sunday
Mama yangu unamjua? Unamtaja mama ya mtu kwa thread hujawahi kukutana naye?

Nyambura_Lanet
Wewe ndio ulimleta. Mimi hata mama yangu alikuwa analia, jirani yote ilikuwa inalia, ugali inaungua. Ni utani.

Kibuye_Sunday
Utani wa Nakuru. Mama yangu alikuwa anaangalia habari ya saa moja kila siku na ya saa tatu, alafu anatukataza kulala kabla ya hali ya hewa. Amefunza darasa la 3 miaka mingi. Drama haikuwa inaangaliwa kwetu, full stop.

BungomaMpaka
Kwetu ilikuwa inaangaliwa na sioni aibu. Dakika hizo hata ng'ombe walikuwa wanajua kutulia. Na bei ya dikoda ndio ilikuwa msiba, CA wala ADN hawakununulia mtu. Wale waliharakisha wakanunua zile za kwanza baada ya 2009 za DVB-T, mfumo wa kwanza wa dijitali, alafu nchi ikahamia mfumo mpya wa DVB-T2 wakabaki na sanduku la kushikilia mlango. Hao ndio walistahili kuandamana.

FundiDish_Mbale
Kweli kabisa. Hizo za kwanza bado naletewa hadi leo, mtu anasema "fundi tengeneza". Nasema mzee hii haijaharibika, hii imepitwa.

Omera_Kondele
Bwana wa Section 58 umenyamaza. Nirudi kwa 2018. 30 Januari, Raila anaapishwa Uhuru Park kama "rais wa wananchi", CA ikazima Citizen, Inooro, NTV na KTN News. Uhamiaji wa dijitali ulikuwa wapi siku hiyo? Leseni gani ilivunjwa? Mlizima mwezi mzima kwa sababu ya kiapo.

SheriaNdogoNdogo
Haikuwa mwezi. Mwanaharakati Omtatah alienda korti, Jaji Chacha Mwita akatoa amri 1 Februari warudishwe. NTV na KTN News zilirudi Jumatatu tarehe 5, Citizen na Inooro siku chache baadaye.

Omera_Kondele
Wiki ama mwezi, korti iliamuru wakakaa na amri mfukoni siku kadhaa. Ndio maana nakuambia kiboko. Alafu 2025 jaji yule yule tena. Ameajiriwa kufungua TV huyo.

Msee_wa_Section58
Sijanyamaza, niko kazini, wengine tunafanya kazi. 2018 sikuunga mkono. Lakini huwezi kuchukua mara mbili tatu CA ilikosea ukasema hakuna haja ya msimamizi. Watoto wanaangalia TV saa mbili usiku. Kuna ile kanuni ya kuanzia saa kumi na moja asubuhi mpaka saa nne usiku, vipindi vya watu wazima visirushwe. Hiyo pia ni ubabe?

NyarKano
Hakuna mtu amesema hakuna haja. Tulisema asiwe mtu mmoja na barua moja. Umehamisha goli.

Nyambura_Lanet
Saa nne usiku inafuatwa na nani? Niliona tangazo la betting saa kumi jioni mtoto akaniuliza "mum odds ni nini". Nikamwambia ni hesabu ya darasa la 8.

KaptembwaFinest
Hapo umesema. Na matangazo ndio pesa yao, ndio maana hamtaona media house wakipigana korti juu ya hiyo.

Kibuye_Sunday
Nyambura bado sijapata samahani.

Nyambura_Lanet
Samahani ya nini? Hata jina lake silijui.

Mzee_Lurambi
Mama wa Kibuye apewe heshima yake. Walimu wa darasa la tatu ndio walifanya nyinyi wote muweze kuandika hapa. Nyambura, mwambie mwenzako pole tu, haigharimu bando.

Nyambura_Lanet
Pole Kibuye. Msalimie mwalimu.

Kibuye_Sunday
Sawa. Amesema salamu zimefika. (Hajasema, nimeamua mimi.)

BungomaMpaka
Fundi wa Mbale uko? Hizi dikoda za ardhini bila malipo ya mwezi bado zinashika Citizen na zingine? Yangu iko na KBC tu na makelele.

FundiDish_Mbale
Zinashika. Hakikisha ni ya DVB-T2, antena iwe ya UHF, alafu fanya tafuta upya, usibonyeze moja moja. Na usifunge antena kwa mti wa mwembe ambao unaendelea kukua, wiki mbili mbele inaangalia Uganda.

BungomaMpaka
Imefungwa kwa mwembe.

FundiDish_Mbale
Nilijua. Nitumie picha ya paa inbox, na useme kama kuna ngazi hapo kwako ama nibebe yangu.