Mjadala: Mjukuu asiyejua Kisami apige kura ya Bunge la Wasami?

Mleta mada: Wadau, tarehe 12 Novemba 2024 Bunge la Norwei liliwaomba radhi Wasami (wenyeji asilia wa kaskazini mwa Norwei, Uswidi na Ufini), Wakveni na Wafini wa Misituni (jamii zenye asili ya Kifini) kwa sera ya kuwalazimisha wawe Wanorwei. Sasa mjukuu wa waliogeuzwa, asiyejua hata salamu ya Kisami, ana haki ya kura ya Bunge la Wasami, baraza lao la kuchaguliwa? Mimi nasema anayo. Agizo la shule la 1880, lililokazwa 1898, liliacha Kisami kiwe msaada tu pale mtoto aliposhindwa kabisa kuelewa. Kanuni za 1902 zikataka mnunuzi wa ardhi ya serikali Finnmark, kaskazini mwa Norwei, ajue kusema, kusoma na kuandika Kinorwei. Mzazi aliyeacha kuwasemesha wanawe Kisami alikuwa anawatafutia shamba.

Mchangiaji 1: Mkuu, Norwei hawamdai mwombaji lugha. Ajitambue kuwa Msami, na Kisami kiwe kilisemwa nyumbani na yeye, mzazi, bibi au babu, au mzazi wa bibi au babu. Au mzazi wake awe tayari kwenye daftari la wapiga kura. Kazi ipo kwa Wasami wa pwani, ambako ukoo uliojiandikisha wa Kisami kwenye sensa moja huonekana wa Kinorwei kwenye nyingine. Anza na sensa ya 1900, iko wazi mtandaoni. Linganisha na ya 1910, ukifuata jina la shamba, maana majina ya watu yalibadilishwa.

Mchangiaji 2: Napinga kulegeza. Tazama Ufini. Huko sheria iliruhusu pia mtu kudai kura kupitia babu aliyeandikwa "Mlapi" (jina la zamani la Msami) kwenye madaftari ya kodi ya zamani. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Utawala iliwaingiza watu 93 waliokwisha kukataliwa na Bunge la Wasami lenyewe. Mwaka 2019 Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ikasema Ufini imekiuka haki za Wasami. Dola iliyowavuruga haiwezi tena kuwa mpokea wageni mlangoni kwao.

Mleta mada: Lakini dola ndiyo iliyowagawa, ndugu yangu. Uswidi, kwa sheria ya 1913, watoto wa wafugaji wa kulungu wa Aktiki (reindeer) wanaohamahama walisomeshwa kando, vibandani, kwa masomo hafifu, eti wasizoee starehe. Wenzao ambao wazazi wao hawakufuga walitupwa shule za Kiswidi. Na hadi leo haki ya kufuga inapitia uanachama wa kijiji cha wafugaji. Hao wa kundi la pili waende wapi?

Mchangiaji 3: Kura haifufui lugha, mnajadili daftari tu. Inari, Ufini, kiota cha lugha, yaani chekechea ya Kisami cha Inari, kilifunguliwa 1997 kwa kuwaiga Wamaori wa New Zealand: walezi husema Kisami kutwa nzima, hata mtoto akijibu Kifini, na hakuna kutafsiri. Watoto walishika lugha. Palipokwama ni katikati: wazee wanajua, watoto wanajua, wazazi hawajui. Kwa hiyo 2009–2010 watu wazima 17 walisomeshwa mwaka mzima, darasani kwanza, kisha wakakaa na wazee wakivua samaki na kupika kwa Kisami. Bila hao, mtoto akitoka kiotani anakuta shule haina mwalimu wala kitabu.

Mchangiaji 2: Hapo nakubali, na ndipo ninapomuuliza mleta mada: huyo mjukuu mwenye kura akiingia bungeni, bajeti ya walimu ataipigania, au ataanza na ya kumbukumbu za ukoo wake?

Mleta mada: Anayetafuta ukoo ndiye atakayejaza hayo madarasa ya watu wazima. Mkimfungia nje, mtampata wapi mwanafunzi wa 18?