"Kanywe soda ya baridi": yule dada wa dirishani kaniweza leo

Wakuu, natoka kupimwa, niko kwenye bajaji, mikono bado inatetemeka. Yule dada wa kliniki, wa sweta la zambarau, mnamjua wote. Kaniambia kanywe soda ya baridi!

Mimba ni ya wiki 36. Mwanangu nikishamaliza ugali wa usiku hupiga mateke mpaka kanga inaruka. Tangu jana, kimya. Alfajiri nimelalia ubavu wa kushoto nikahesabu saa mbili nzima: manne. Manne! Na pale pale ndipo tulipofundishwa kwamba usipofikisha kumi, kimbia kituoni.

Nimekimbia. Nimekaa kwenye lile benchi tangu Dodoma haijawa jiji. Kufika dirishani, hata kichwa hakuinua, anamung'unya ubuyu: "Wiki za mwisho wote wanatulia, nafasi imebana. Kanywe soda ya baridi, atacheza."

Soda! Mtoto hubadili uchezaji, anajinyonganyonga na kujisukuma zaidi, ila hapunguzi kucheza hadi siku ya uchungu. Na yeye anajua hilo kuliko mimi! Katemea mbegu kiganjani, kaita: "Mwingine!"

Nilikoenda baadaye, mkunga kanilaza kabla hata hajafungua kadi. Dopla, kile kifaa cha kusikilizia moyo wa mtoto, tumboni: mapigo 138, yako sawa. Nimelia mpaka shuka limelowa. Kasema akipunguza tena nirudi hata usiku wa manane. Yule mwingine, soda!

Baba Pacha: Huyo huyo! Mke wangu aliambiwa anadeka. Siku tatu baadaye, pacha.

Zabibu Chungu: Mleta uzi, soda ulikunywa au hukunywa?

Mama K: Hapo ndipo na mimi nasubiri 😂

Mleta uzi: SIKUNYWA! Hata kichwa hakuinua, nyie mnauliza soda!

Mkunga Mstaafu: Soda haipimi mapigo. Kondo la nyuma likijishika upande wa mbele wa tumbo la uzazi mateke hufifia, sawa, lakini mama akisema mwanangu kapungua kucheza, unampima kwanza. Pole binti.

Kijana wa Nkuhungu: Hiyo ya baridi mnaipata wapi? Dukani kwetu friji ni kabati, umeme wenyewe wa kubahatisha.

Mama K: Afadhali wewe umeme. Mimi maji wiki ya pili, nafulia ya kununua kwa dumu.

Zabibu Chungu: Bomba langu linatoa upepo mtupu na mita inazunguka. Bili ya mwezi huu nimeletewa ya upepo!

Baba Pacha: Fungua uzi wake, mkuu, nakuja na bili zangu.