Mdahalo wa maana ya mapenzi darasani: tupeane uzoefu

Kalamu Nyekundu
Wadau, tukusanye hapa mbinu za kuendesha mdahalo huu kwa vijana wa sekondari. Visa vya mtu binafsi tuviache, tutaje hatua na dakika. Naanza na mada, maana ndipo wengi tunapoharibu.

"Mapenzi ni nini?" ni swali la insha. Kila atakayesimama atakuwa sahihi kwa namna yake, na hakuna atakayepingwa. Mada iwe na kauli inayogawa watu: "Mapenzi ni uamuzi, si hisia." Hapo hakuna pa kujificha.

Liogopeni neno "kweli". "Mapenzi ya kweli hayaishi" inapendeza ubaoni, lakini mpinzani akitaja wawili waliopendana miaka 20 wakaachana, mtetezi anajibu: "Basi hayakuwa ya kweli." Kila mfano utajibiwa hivyohivyo. Andika badala yake: "Mapenzi yakiisha, hayakuwa mapenzi." Sasa ile hila ndiyo hoja yenyewe, na mpinzani ana pa kuishika.

Mtunza Saa
Kipindi cha dakika 40 kinatosha. Dakika 5, kila mmoja anaandika kwenye kikaratasi sentensi moja, "Mapenzi ni…", bila jina. Dakika 10 za kupanga hoja. Wasemaji 3 kila upande, dakika 3 kila mmoja, hizo 18. Maswali dakika 5. Zile 2 za mwisho anaandika sentensi mpya chini ya ile ya kwanza.

Hizo 2 ndizo huliwa, kwa sababu msemaji wa kwanza ameachiwa akapitiliza. Gonga kengele ikibaki nusu dakika. Ukikosa sentensi ya pili huna cha kulinganisha, hujui kama kuna aliyebadili mawazo.

Msomi wa Sarufi
Kabla ya nadharia za mbali, chimbeni lugha yetu. Upendo unamfaa mzazi, ndugu na jirani. Mahaba yamebanwa kwa wapenzi. Ashiki inaelekea tamaa. Waambie wapange maneno hayo na watetee mpangilio wao.

Kisha andika ubaoni "anampenda" na "wanapendana". Kiambishi -an- kinaibua swali zito: anayependa asipopendwa, yuko kwenye mapenzi au yuko kwenye kutamani tu? Hiyo peke yake ni mada ya kipindi kizima.

Pembetatu
Mwanasaikolojia Robert Sternberg alieleza mwaka 1986 kwamba mapenzi yana pande 3: ukaribu, shauku na kujifunga kwa ahadi. Chora pembetatu, toa kisa cha kubuni, uliza upande upi haupo. Wachumba walioahidiana lakini hawaambiani siri, kwa mfano, wamekosa ukaribu. Kosa la kawaida ni darasa kuigeuza kipimo na kuanza kutoa alama kwa watu. Irudishe kwenye swali: je, upande mmoja ukikosekana, neno "mapenzi" bado linafaa?

Mlezi
Naomba hili lisipuuzwe. Kanuni ya kwanza, hakuna kutaja mtu wa shule hii. Ya pili, pande zipangwe kwa kura, ili anayetetea jambo asidhaniwe ndivyo anavyoishi. Hapo hata mwenye haya anasema.

Mada "Wivu ni dalili ya mapenzi" inachangamsha sana, ila tenganisheni mapema wivu kama hisia na matendo kama kukagua simu au kumkataza mwenzako marafiki. Msipotenganisha, wanaounga mkono wataishia kutetea unyanyasaji bila kukusudia, na aliye ndani ya hali hiyo anasikiliza.

Mwanafunzi akianza kufichua kwamba anaumizwa, usimhoji mbele ya wenzake. Mshukuru kwa upole, mpe nafasi msemaji mwingine, mtafute faragha siku hiyohiyo. Usimwahidi siri: mweleze ni nani mtakayemshirikisha ili alindwe.

Kalamu Nyekundu
Asante Mlezi. Kwa kura: andika "naunga" na "napinga" kwenye vikaratasi kwa idadi sawa, kunja, wachague mlangoni wakiingia. Wakishakaa na marafiki zao, kuwahamisha kunakula dakika 5 nzima.