Naomba ushauri: napataje muda na wenzangu wa kucheza bao la kete?

Habari zenu wakuu. Nipo Mbagala, Dar es Salaam, kazi ya duka inanibana Jumatatu hadi Jumamosi. Napenda mno bao la Kiswahili, lile la mashimo 32 na kete 64. Tatizo ni kwamba bao halitaki haraka. Kila mchezaji ana kete 22 mkononi za kunamua, yaani kuziingiza ubaoni moja moja, kabla ya kuingia mtaji, hatua ya kucheza kete za ubaoni tu, na mkikutana wawili mnaojua kulinda nyumba, lile shimo maalumu la kulimbikiza kete, jioni yote imekwisha.

Kijiweni kwetu wengi wamehamia drafti. Wazee waliobaki wanacheza mchana, mimi nipo dukani. Vijana nikiwafundisha, wakifika kwenye kutakata (kusambaza kete bila kula) wanachoka, wanashika simu. Je, niwaanzishe na bao la kujifunza, kete mbili kila shimo, au nitawazoesha vibaya?

Pia, mchezo usipoisha, tukiupiga picha ubao tukaendelea Jumapili inayofuata, wachezaji wazoefu mnakubali hilo? Na mlio na familia, mke mliongea naye vipi kuhusu hiyo Jumapili? Wa Mbagala na Temeke wenye ubao, tafadhali jitokezeni.