Mtoto kachagua Saikolojia sekondari, mnaolijua hili somo nisaidieni

MamaMdogo_Pasua
Habari za jioni wadau. Nina binti wa marehemu dada yangu, nimemlea mwenyewe. Kamaliza fomu foo, kapata ufadhili shule ya kimataifa huku Moshi, mfumo wa IB (International Baccalaureate, mtaala wa kimataifa), miaka miwili. Wamempa karatasi achague masomo sita, na yeye kaandika Saikolojia ngazi ya juu. Mimi nauza mitumba Memorial, shule niliishia la saba, hilo somo nalisikia kwa wale wa ushauri nasaha redioni tu. Tangu mdogo anataka udaktari, siku hizi kaongeza "wa akili". Baba yake mkubwa kasema ni somo la kwenda kukaa na vichaa Mirembe.

Wanafundishwa nini hasa? Na udaktari bado upo? Karatasi inarudishwa Ijumaa.

Mangi_Kibosho
Mruhusu mama. Akirudi likizo atakuwa anawasomea wateja akili, hukopeshi mtu tena 😂

Chalii_wa_Sakina
Shikamoo mama mdogo. Mimi nimelisoma hilo hilo, IB, hapa Arusha. Mangi anakutania, hakuna kusomeana akili wala kutoa ushauri nasaha.

Kazi yenyewe ni kusoma tafiti na kuzibishia. Mfano utafiti wa Milgram juu ya utii, 1963, Marekani: wanaume 40 waliagizwa wampige mtu shoti ya umeme kila akikosea jibu, na 26 wakaenda hadi mwisho, volti 450. Shoti zilikuwa za uongo, ila wao hawakujua. Sasa ukikariri hizo namba ukadhani umemaliza, mtihani unakulamba. Wanataka useme kwa nini walichukuliwa wanaume peke yao, na kama ilikuwa haki kuwadanganya watu vile. Ni insha juu ya insha, tena kwa Kiingereza. Aliyezoea kukariri notisi atalia muhula wa kwanza. Mbishi atafurahi.

Mimi lilinikamata tulipofanya jaribio letu wenyewe. Tulirudia la Glanzer na Cunitz la 1966: unawasomea watu orodha ya maneno, kundi moja linaandika papo hapo, jingine linahesabu namba kwanza kwa sekunde 30 ndipo liandike. Tuliwaweka madogo bwaloni baada ya uji, mmoja wetu kashika saa, mwingine anasoma kwa sauti ile ile bila kupandisha. Wale waliohesabu, maneno ya mwisho yaliwatoka kabisa, ya mwanzo bado wanayo. Na kila mmoja alisaini kwanza kwamba ameridhia, akaambiwa anaweza kuondoka muda wowote. La utii kama la Milgram IB hawakuruhusu hata tulisogelee. Baada ya hapo takwimu, kipimo cha Mann-Whitney cha kulinganisha makundi mawili, kwa hiyo anayekimbilia huku kukwepa hesabu kapotea njia. (Walioanza 2025 wana mtaala mpya, wao wanaandika pendekezo la utafiti tu. Naona wamenyimwa utamu.)

Udaktari sasa, hapo ndipo penye shughuli. Daktari wa magonjwa ya akili anasomea udaktari wa kawaida kwanza, halafu ndio anabobea. Mwanasaikolojia ni njia nyingine, haandiki dawa. Na udaktari kwenye vyuo vyetu wanadai Fizikia, Kemia na Baiolojia. Kwenye IB unachukua lugha mbili, hisabati, sayansi moja, somo moja la jamii, na la sita ni sanaa au unaongeza jingine. Saikolojia inahesabiwa somo la jamii, pamoja na Historia na Uchumi. Akiweka Baiolojia na Kemia, Fizikia haina pa kukaa. Muulize kama analijua hilo.

Mwl_Mstaafu
Kijana kaeleza vizuri. Naongeza kwamba cheti cha IB lazima kipelekwe NECTA, Baraza la Mitihani, kulinganishwa kabla ya kuomba chuo cha hapa. Saikolojia sisi walimu tuliisoma chuoni, Pavlov na mbwa wake, Piaget na hatua zake za ukuaji wa akili ya mtoto. Nikaingia darasani, nikakuta watoto wamebanana wanne dawati moja, Piaget hakuwa amesema chochote juu ya hilo. Baba mkubwa mwambieni kwamba Mirembe ni hospitali, watu wanatibiwa na kurudi makwao.

MamaMdogo_Pasua
Asanteni sana. Nimemuuliza jioni hii, kanijibu "kwani Fizikia ni lazima?" Kumbe hajui. Kesho nafunga meza mapema niende shuleni. Nimuone nani, nisemeje?

Chalii_wa_Sakina
Mtafute mratibu wa IB. Mwambie mtoto anataka udaktari Tanzania, je, shule itamwombea kibali cha sayansi tatu? Hicho huwa ni kibali maalumu, waulize mapema. Wakikubali, Saikolojia inatoka, masomo ni sita tu. Wasipokubali, achague: aende fomu faivu PCB (Fizikia, Kemia, Baiolojia) kama kapangiwa serikalini, au abaki na Saikolojia akijua anaelekea uanasaikolojia au udaktari wa nje. Nenda naye, mama, aulize mwenyewe. Na hiyo karatasi msirudishe kabla hamjajibiwa.

Mangi_Kibosho
Fizikia nayo niliikimbia fomu tuu. Kila la heri kesho mama.